Usiniambie tu "inaingiana"

Wasee wa nduthi za kizamani, leo tuongee ukweli kuhusu hili neno "inaingiana."

Unatafuta giaboksi ya pikipiki ya 1972. Jamaa ako na ya 1982. Unamuuliza, "Boss, hii itakubali kwa yangu?" Hata hainui kichwa kutoka kwa simu. "Inaingiana, hizo zote ni moja." Unalipa, unapanda matatu ukiwa umeikumbatia hiyo alumini kama mtoto mchanga, unafika nyumbani, na kweli mashimo ya bolti yanalingana. Unapiga picha, unatuma kwa grupu, watu wanamwaga moto na makofi. Kesho yake unavuta klachi na klachi haiachii. Ukimpigia boss, anakwambia ulifunga vibaya.

Hapo ndipo nina shida. Mtu akisema "inaingiana" anamaanisha bolti zimekubali. Wewe unasikia "itafanya kazi." Kati ya hivyo viwili kuna pesa nyingi sana zimepotea, na mara nyingine kuna mguu wa mtu.

Kabla mnianzie, mimi sina shida na kubadilisha spea za miaka tofauti. Sipo upande wa wale wazee wanaotaka kila nati iwe ile ya kiwandani hata kama pikipiki inakaa chini ya turubai miaka kumi ikingoja hiyo nati. Pikipiki ni ya kuendesha. Lakini kama utachanganya miaka, changanya ukijua unafanya nini, na ukiiuza useme ulichofanya. Huo ndio msimamo wangu, na nitautetea na mfano mmoja tu, juu ukiuelewa huo mmoja utajua maswali ya kuuliza hata kwa ile DT ya guka iliyolala kwa stoo huko ocha.

Mfano ni BMW za zamani, zile mashabiki duniani wanaziita airhead, kwa sababu injini yake inapozwa na hewa tu. Zilitengenezwa Ujerumani, Berlin, mtaa wa Spandau, kuanzia 1969 na za mwisho zikatoka 1996. Zina silinda mbili zilizolala, moja kushoto na moja kulia, pistoni zikienda na kurudi kama mabondia wawili wanaorushiana ngumi. Injini ya namna hiyo ndiyo inaitwa boxer. Najua ukisema Boxer hapa Kenya kila mtu anafikiria Bajaj ya boda. Hiyo ina silinda moja iliyosimama. Jina tu. Siku ukitaka kuanzisha mzozo kwa stage, waambie hiyo.

Kwa nini airhead? Kwa sababu ni kama ziliundwa kukupa huu mtihani. Kwa boda ya kawaida, gia zinakaa ndani ya kasha la injini. Ukitaka kuzigusa lazima upasue injini nzima, na hiyo peke yake inafanya mtu afikirie mara mbili. Kwa airhead, giaboksi ni sanduku lake, limefungwa nyuma ya injini. Nguvu inatoka kwa injini, inapita kwa flaiwili na klachi, inaingia giaboksi, inatoka nyuma kwa shafti iliyofichwa ndani ya mkono wa kulia unaoshika gurudumu, inafika kwa difu ndogo, inageuza gurudumu. Hakuna cheni. Kila kipande kinafunguka kivyake. Kwa hivyo kubadilisha giaboksi ni kazi ya wikendi kwa mtu mwenye spana na subira. Na kwa kuwa ni rahisi, kila mtu anajaribu.

Historia fupi. Toleo la kwanza linaitwa /5, yaani R50/5, R60/5 na R75/5, kuanzia 1969 hadi 1973. Hizo zilikuwa na gia nne. Toleo la /6 likaja kama modeli za 1974, na gia tano. Toleo la /7 likafuata kama modeli za 1977, bado gia tano. Kwa macho, kasha moja linafanana na lingine. Sasa weka kijana ana R75/5 ya gia nne, na mtandaoni kuna mtu anauza ya gia tano. Unajua kitakachotokea.

Na sababu atakayokupa ni ileile kila siku: "Gia tano ni speed, bro."

Hapana. Tulia hapa kidogo na mimi, juu hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ni hesabu ya darasa la saba tu.

Giaboksi ya gia nne ya /5 ina uwiano wa 3.90 kwa gia ya kwanza, 2.58 ya pili, 1.88 ya tatu na 1.50 ya nne. Maana yake, ukiwa gia ya kwanza, shafti inayoingia inazunguka mara 3.90 ili inayotoka izunguke mara moja. Namba ikipungua, gia ni ndefu, unakimbia zaidi kwa mzunguko uleule wa injini. Giaboksi ya gia tano ni 4.40, 2.86, 2.07, 1.67, na ya tano ni 1.50.

Umeona? Ya mwisho ni 1.50. Ileile. Ukibadilisha giaboksi peke yake na usiguse kitu kingine, ukiwa gia ya juu kabisa injini yako inalia vilevile kama jana. Speed ya mwisho haijasonga hata kidogo. Ulichopata ni gia ya kwanza fupi zaidi, nzuri kwa kuondoka na mzigo au kupanda mlima na mtu nyuma, halafu gia ya nne iliyo karibu sana na ya tano. Kutoka 1.67 hadi 1.50 injini inashuka asilimia kumi tu hivi. Kwa ile ya gia nne, kutoka ya tatu hadi ya nne inashuka asilimia ishirini.

Je, hiyo ni mbaya? Hapana, ni poa kwa mtu anayejua anataka nini. Lakini kama ulilipa ukifikiria sasa utaacha watu Thika Road, umedanganywa na namba iliyochongwa kwa kasha.

Utamu wenyewe uko nyuma, kwa difu. Difu za hizi pikipiki zina namba zimepigwa juu yake, idadi ya meno: 37/11, 34/11, 33/11, 32/10, 32/11. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. 32/10 ni 3.20, ambayo ndiyo ya kawaida kwa R75/5. 32/11 ni 2.91, ambayo utaikuta kwa baadhi ya R100, zile za injini kubwa ya cc 1000. Sasa fanya hivi. R75/5 ya gia nne na difu ya 3.20: gia ya kwanza kwa jumla ni 3.90 mara 3.20, karibu 12.5. Gia ya juu ni 1.50 mara 3.20, yaani 4.8. Weka giaboksi ya gia tano pamoja na difu ya 2.91: gia ya kwanza ni 4.40 mara 2.91, karibu 12.8. Gia ya juu ni 1.50 mara 2.91, karibu 4.4.

Hapo sasa umefanya kitu. Unaondoka stage vizuri kama zamani, na ukiwa 100 kwa saa, badala ya injini kuzunguka karibu mara 4000 kwa dakika, inazunguka takriban 3600. Mtetemo unapungua, unaweza kwenda hadi Nanyuki bila vidole kufa ganzi. Giaboksi na difu ni kama nguo na kiatu, unazinunua ukiziwazia pamoja. Mtu anayekuuzia giaboksi bila kukuuliza una difu gani hajali utaenda wapi nayo.

Lakini usichukue hiyo hesabu ukaiweka kwa kila pikipiki. R60 ina nguvu ya farasi 40 hivi, ndiyo maana kiwanda kiliipa difu ya 37/11, yaani 3.36. Mtu akija na 32/11 kwa sababu amesoma "ni nzuri kwa highway," ataijua barabara ya Mai Mahiu kwenda Limuru kwa njia mpya. Atapanda huo mlima gia ya tatu, malori yakimpigia honi nyuma, na ile gia ya tano aliyoilipia itakuwa pambo. Injini ndogo inataka difu fupi. Wajerumani hawakuchagua hizo namba kwa kupiga kura.

Na kuna mtego mwingine hapo hapo ambao watu hawauoni. Spidomita ya airhead haisomi kutoka kwa gurudumu la mbele kama boda yako. Kebo yake inatoka kwa giaboksi. Giaboksi haijui umebadilisha difu. Kwa hivyo kama pikipiki ilikuwa na 3.36 na sasa ina 2.91, spidomita ikisema 50, wewe kwa ukweli uko 58 hivi. Ikisema 80, uko 92. Nieleze utamwambia nini afisa mwenye kamera ya speed kule kwenye senta za 50. "Afande, ni difu"? Kwa uso wa spidomita kuna namba ndogo imeandikwa kando ya W. Hiyo lazima iendane na difu yako. Haziendani? Tafuta spidomita inayoendana, au uipeleke kwa mtu anayejua kuipima upya. Na odomita pia inadanganya, kwa hivyo siku ya kuuza, hizo kilomita unazojivunia ni hadithi.

Haya, 1981.

Kama utakumbuka mwaka mmoja tu kutoka kwa hii post, kumbuka huu. Kwa modeli za 1981 BMW waliondoa ile flaiwili nzito ya zamani wakaweka klachi nyepesi zaidi. Gia zikawa zinaingia laini, injini ikawa inachangamka haraka. Poa sana. Lakini ili hiyo klachi ikae, walibadilisha pia shafti inayoingia kwa giaboksi, ile yenye meno yanayoshika sahani ya klachi, urefu wake si uleule, na ile fimbo inayosukuma klachi pia ni tofauti. Kasha kwa nje? Bado linafanana. Bolti? Bado zinakubali. Hii ndiyo ile hadithi niliyoanza nayo. Giaboksi ya 1982 inafungwa kwa injini ya 1972 vizuri kabisa, kisha klachi inakataa kufanya kazi yake kwa sababu vipande viwili vinavyotakiwa kukutana havikutani mahali panapotakiwa.

Inawezekana kuzioanisha? Ndiyo. Unaweza kuhamisha klachi yote pamoja na flaiwili yake, au kubadilisha shafti ya kuingilia ndani ya giaboksi. Watu wamefanya na zinatembea. Lakini sasa hiyo si kazi ya wikendi tena, na bei uliyoambiwa mwanzoni haikuhesabu hayo. Kwa hivyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: hii ni ya kabla ya 1981 au baada? Akijibu "zote ni moja," msalimie kwa heshima, ondoka.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 pikipiki nyingi za familia hii zilihamia kwa mkono wa nyuma wa upande mmoja tu, ule wa kulia, na sehemu yote ya nyuma ikawa kitu kingine. Usiingie huko kama lengo lako ni kuokoa pesa.

Sasa niguse imani moja iliyo sugu sana kwa vijana wenzangu. Kwamba ya juzi ni bora kuliko ya zamani. Kwa simu, sawa. Kwa giaboksi za airhead, skiza. Ndani kuna shafti ya kutoa nguvu, na kwa zile za mwanzo kulikuwa na pete ndogo ya chuma imekaa kwa mfereji wake, kazi yake kuzuia beringi isitembee. Karibu 1985 kiwanda kikaacha kuweka hiyo pete, na kikaendelea hivyo hadi katikati ya miaka ya 1990. Kipande kidogo ambacho ukikiangusha kwa sakafu ya garage hukioni tena. Bila hicho, beringi inaweza kuanza kusonga polepole, na mafundi wanaozijua hizi mashine, wakifungua giaboksi ya miaka hiyo, jambo la kwanza wanaangalia ni kama mfereji upo. Kama haupo wanauchonga au wanabadilisha shafti.

Kwa hivyo mtu ana R100/7 ya 1978 na giaboksi yake ya 1978 iliyo na pete, anaona ya 1988 mtandaoni, anasema ni "upgrade," anaiuza yake. Ameuza ile iliyokuwa salama zaidi. Na ya 1988 ni ya baada ya 1981, kwa hivyo klachi pia imemgeuka. Mara mbili kwa pesa moja.

Kwa nini narudiarudia usalama? Kwa pikipiki hii, shafti ya kutoka giaboksi imeunganishwa moja kwa moja hadi gurudumu la nyuma. Ikikwama ndani, gurudumu limekwama. Kuvuta klachi hakusaidii, maana klachi iko mbele ya tatizo, kati ya injini na giaboksi. Wewe uko 90 kwa saa na tairi ya nyuma imegeuka jiwe. Si kutishana huku, ni mpangilio wa vyuma. Angalia njia ya nguvu niliyoeleza juu, ujiulize klachi iko wapi.

Bolti nazo. Kati ya giaboksi na shafti ya nyuma, chini ya ule mpira wa kukunjana, kuna bolti nne. Miaka ya mwanzo zilikuwa ndefu kidogo na zilikaa na washa. Baadaye zikawa fupi na washa ikaondolewa. Mtu anachukua bolti ndefu za zamani, anasahau washa, anafunga. Sasa ncha za bolti zinatokea upande wa pili na zinaanza kukwaruza kasha la giaboksi kila shafti ikizunguka. Bolti ya bei ya chapati inakula kasha ambalo kulileta Nairobi ni ushuru, posta na maombi. Nunua mpya za urefu sahihi, kaza kwa spana ya kipimo, na usizitumie mara ya pili.

Mpaka hapa naongea kuhusu giaboksi nzima. Kuna wale wanaotaka kuingia ndani: nina kasha la 1974, gia za 1976, kifuniko cha nyuma cha nyingine, nitaunda moja nzuri. Kaka, dada, mimi nakuheshimu. Lakini ndani ya hilo kasha shafti zinakaa kwa beringi, na nafasi ya kila shafti kusogea huku na huku inawekwa kwa vipande vyembamba vya chuma vinavyoitwa shimu. Nafasi yenyewe ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kiwandani walipima kasha lile na kifuniko kile na shafti zile. Ukichanganya, vipimo vyote vya zamani vimekufa, lazima upime upya. Ukiweka shimu za kukisia, ama beringi zinabanwa zinachemka, ama shafti zinacheza na gia zinaruka. Na hata kulifungua, kasha linapashwa moto hadi karibu nyuzi 100 ndipo beringi ziachie bila kuharibu alumini. Ukiona fundi anafungua na nyundo na bisibisi, chukua kasha lako kwa upole. "Asante mzee, nitarudi kesho." Usirudi.

Sijasema hivyo kudharau mafundi wetu. Kuna watu Kariobangi Light Industries na Industrial Area wanakereza chuma hadi unashangaa, na ukiwapa kipimo sahihi watakutolea kitu kitakachowaaibisha wa ng'ambo. Shida ni sisi wateja. Tunampelekea fundi vyuma viwili kwa gunia, tunamwambia "fanya ziingiane," na anafanya alichoambiwa. Hakuna aliyempa namba. Fundi wa boda anajua Boxer na TVS kama kiganja chake kwa sababu anazifungua kila siku na spea ziko Kirinyaga Road hatua chache. Hizi BMW Kenya ni chache sana. Huwezi kumtarajia ajue mambo ya 1981 kutoka hewani. Ni kazi yako kumletea karatasi yenye vipimo, na kumlipa muda wa kusoma pia.

Sasa wale wa "usiguse kitu." Hoja yao kubwa ni uhalisi: pikipiki ya 1972 iwe na kila kitu cha 1972. Wana pointi kwa jambo moja. Kama una pikipiki iliyokamilika, yenye gia zake nne, inatembea, na unataka kuichinja tu kwa sababu ya hadithi ya "speed," nakuomba usome tena hesabu pale juu. Na kama unaiandaa kwa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambako pikipiki hushindana pia, basi kila badiliko unalifanya ukijua kuna jaji ataliangalia.

Lakini wakisema kubadilisha giaboksi kunaua utambulisho wa pikipiki, hapo wananipoteza. Kwa hizi za miaka ya 1970, namba inayolingana na fremu ni ya injini. Logbook yetu pia inaandika namba ya chasisi na ya injini. Giaboksi haimo. Ukibadilisha injini una kazi na serikali na na historia. Ukibadilisha giaboksi na ukaweka ile ya zamani kwa sanduku, imepakwa mafuta, imefungwa vizuri, hujaua chochote. Mwenye pikipiki wa kesho anaweza kuirudisha kwa wikendi moja. Kosa ni kuuza ile ya asili kwa bei ya kilo ili upate pesa ya mafuta.

Na afadhali pikipiki ya 1971 yenye giaboksi ya 1976 inayoonekana barabarani, watoto wakiigeukia, kuliko ya "asili kabisa" ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikiwaka. Nimeona watu wakimcheka kijana aliyeweka gia tano kwa /5 yake. Wao zao ziko wapi? Zinasubiri spea.

Kinachonikasirisha mimi ni kimya. Mtu ananunua pikipiki yenye fremu ya mwaka mmoja, giaboksi ya mwingine, difu ya tatu, na anaambiwa ni "1973, original, lady driven." Miaka miwili baadaye anaagiza sahani ya klachi ya 1973 kutoka Ujerumani, analipa ushuru, inafika, haikai. Anaagiza tena. Mtu wa kwanza alijua na alinyamaza kwa sababu ya elfu kumi zaidi kwa bei. Huo ni wizi wa polepole. Kuandika kwa karatasi "giaboksi ya 1976, difu 32/11, spidomita haijarekebishwa" kunachukua dakika moja. Ibandike chini ya kiti. Andika na tarehe.

Kwa wenye za Kiingereza, neno moja tu kabla niende, maana najua mtaniuliza. Triumph na Norton za zamani zilikuwa na gia mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto. Katikati ya miaka ya 1970, kwa sababu ya sheria ya Marekani, zikahamisha gia kwenda kushoto. Kwa hivyo ukichanganya miaka hapo, swali la kwanza ni mguu wako utafanya nini siku ng'ombe anaruka barabarani. Mguu unakumbuka ulichojifunza, hauulizi mwaka wa kasha. Hiyo inataka post yake.

Na kama kuna mtu hapa ana difu ya airhead imekaa kwa stoo ya babake na anataka kuipeleka kwa chuma chakavu, subiri kwanza. Futa uchafu pale juu, piga picha ya namba zilizopigwa, nitumie. Kama ni 32/11 kuna msee wa R75/5 Rongai amekuwa akiitafuta tangu mwaka jana, na difu anayo swali tayari: ni ya breki ya dramu au ya diski?